Wageni wa Mke Wangu

Kuku nimefuga tangu enzi za kuazima suruali. Bata wa kawaida, wale wa kutikisa mkia kwenye matope, nimefuga pia, na kanga niliwahi kuwajaribu wakaruka ukuta wakaenda zao. Lakini bata bukini nilikuwa nikiwaona kwenye nyumba za wakubwa tu, nyumba zenye majani yaliyokatwa na mbwa anayekula vizuri kunishinda. Wanatembea shingo juu, taratibu, kama wanakwenda kusaini kitu. Kwa hiyo mke wangu aliponiambia anataka bata bukini, nilimuuliza kama amepandishwa cheo bila kuniambia.

Cheo chenyewe kilikuwa kufua nguo za watu. Changu kilikuwa kufagia soko, mpaka wale wa halmashauri walipotupunguza. Walitukusanya ukumbini, wakatupa soda, wakasema tumetumikia vizuri, na kesho yake kazi yetu ikachukuliwa na kampuni ya mpwa wa mtu. Soko sasa linanuka mpaka barabarani, lakini aliyekaa kwenye kiyoyozi harufu hiyo haimfikii. Basi tukabaki na uani wetu: kuku, bata wachache, banda la mabati na wavu, na jogoo tuliyemwita Mwenyekiti, kwa sababu hakuwa na kazi yoyote ila kupaza sauti na kuwahi kula.

"Nataka kitu kitakachonijua mimi," mke wangu alisema. "Hawa kuku wanaujua mkono tu. Ukiwa na pumba wewe ni mama yao, ukiwa huna wewe ni mti."

Wakati huo miguu yake ilikuwa imeshaanza kuvimba. Alikuwa akitoka jikoni na ndoo anaiweka chini mlangoni, anashika fremu, anajifanya anatazama mawingu. Mimi najua alikuwa anatafuta pumzi. Hospitali walimpa vidonge vya kutuliza maumivu, wakamwambia apunguze kazi. Apunguze kazi. Mtu anayeishi kwa beseni unamwambia apunguze kazi, ni sawa na kumwambia mwenye njaa apunguze matonge.

Kulikuwa na mama mmoja wa nyumba kubwa aliyekuwa akifuliwa na mke wangu. Aliposikia kwamba hawezi tena kuinama, alikuja mwenyewe kwa miguu na mayai ya bata bukini aliyoyafunga kwenye taulo. Mayai meupe, makubwa, moja linajaza kiganja changu, na kiganja changu si cha karani. Mke wangu aliyapokea kama mtu anayepewa watoto wa kubeba.

Bata bukini wa kuyalalia hatukuwa naye. Tulikuwa na Kishungi, kuku mwenye manyoya ya kusimama kichwani, na huyo ugonjwa wake ulikuwa kulalia. Alilalia mayai ya wenzake, akalalia kokwa za maembe, siku moja nilimkuta amelalia kifuniko cha birika na macho ameyafumba kwa raha. Tukamwekea yale mayai. Akapanda juu, akajitandaza mpaka mbawa zikakaribia kuchanika, na bado mayai yakachungulia pembeni.

Kazi sasa ilikuwa kuyageuza. Kuku huyageuza mayai yake kwa mdomo, asipoyageuza kilichomo ndani hugandia upande mmoja kikafa. Lakini yai la bata bukini Kishungi hakuliweza. Alilisukuma kwa mdomo, likamtazama tu. Yule mama wa nyumba kubwa alikuwa ametuambia tuyageuze kwa mkono, na tuyanyunyizie maji ya vuguvugu, kwa sababu mama yao halisi hurudi kwenye kiota na manyoya yenye majimaji. Mke wangu akaichukua kazi hiyo. Aliketi kwenye kigoda, mgongo kwenye ukuta wa jiko, mkono wake chini ya tumbo la kuku, akiyageuza moja moja. Na huku anaongea.

Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta, na koleo na waya, nikitenga kipande cha banda kwa ajili ya hao bata. Tulikiita chumba cha wageni. Siku ya kwanza nilidhani kaja jirani, nikasikiliza kujua ni nani. Kumbe anayaambia mayai habari za mtaa. Nani kagombana na nani bombani, nani kaanika mashuka yake yakaibiwa. Kisha nikasikia zamu yangu imefika.

"Na huyo baba mnayemsikia anagonga gonga huko," aliwaambia, "ana mdomo mrefu lakini hana madhara. Msimwogope."

Nikagonga kwa nguvu zaidi, ajue nimesikia. Akacheka mpaka akakohoa.

Mayai ya kuku yakitimiza siku zake yanapasuka. Haya yakatimiza siku za kuku na kimya. Jirani yetu, seremala tuliyemwita Msumari kwa wembamba wake, alipitisha kichwa juu ya ukuta akasema yale ni mayai viza, tuyatupe mbali kabla hayajapasuka yakatufukuza nyumbani. Nami kwa kweli nilikuwa nimeshachukua ndoo. Mke wangu aliweka mkono juu ya Kishungi, akasema atakayeyagusa alale nje. Yeye alikuwa anayasikia. Alisema akiongea yanapiga filimbi kwa ndani, akinyamaza nayo yananyamaza. Nilisogeza sikio nisikie, na kweli kulikuwa na kitu humo, kidogo, kama mtu anayepiga mluzi chumba cha tatu.

Walitoka. Wenye rangi ya manjano iliyochanganyika na majivu, miguu mikubwa kama ya kuazima. Kishungi alisimama, akawatazama kwa jicho moja, akawatazama kwa jicho la pili, kama mwanamke aliyekabidhiwa mtoto asiye wake. Kisha akaanza kuwadonoa. Tukawaondoa. Nikatengeneza sanduku la mbao, nikaweka chupa ya maji moto iliyofungwa kitambaa, sanduku likakaa chumbani, upande wa kitanda anaolala mke wangu.

Huko ndiko walikokulia. Waliyaona makandambili yake kabla hawajaliona jua. Akikohoa, vichwa vyote juu. Akigeuka kitandani, wanahama sanduku zima kuelekea upande aliogeukia. Aliwaita "wageni wangu", na akitaka kuwatoa nje alikuwa na wimbo wake mmoja, si wimbo hasa: "Wageni wangu, mko wapi? Wageni, mko wapi?" Basi wanapandana migongo kumfuata.

Mimi nilikuwa nikiwatilia pumba kama vifaranga wa kuku, nikashangaa wanazikanyaga tu. Kumbe bata bukini ni mbuzi aliyevaa manyoya. Anataka majani. Mke wangu aliwatoa mpaka kwenye ukoka kando ya mtaro nyuma ya nyumba, akishika ukuta, kiti nimemtangulizia. Alikaa hapo wao wakichunga kumzunguka. Hawakwenda mbali. Walikwenda mpaka pale sauti yake inapofika, wakageuka.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Hospitali yetu ina dirisha. Ukifika, hata kama umebebwa, unaanzia dirishani, unaandikishwa, unakaa kwenye benchi, unangoja kuitwa. Aliyekuwa akikaa nyuma ya dirisha hilo ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, tumbo moja. Na hao watu wawili walikuwa na sauti moja. Sisemi zilifanana. Nasema moja. Zamani akija kutusalimia alikuwa akijificha nyuma ya mlango anaita, "Mzee, nawa mikono, chakula tayari," nami nanawa, nakuja kukaa, nakuta meza tupu na wanawake wawili wanafuta machozi kwa kucheka. Alinifanyia hivyo mara nyingi kuliko mtu mwenye akili anavyopaswa kukubali.

Mganga mkuu wa hospitali hiyo alikuwa amebandika karatasi dirishani. Kila mtu kwa foleni yake. Mfanyakazi atakayemtanguliza ndugu yake asirudi kesho. Maneno mazuri, ukiyasoma unaweza kudhani nchi imenyooka. Lakini ndugu wa mganga mkuu hatukuwahi kuwaona kwenye hilo benchi. Wao walipitia mlango wa nyuma, penye kivuli na maegesho.

Asubuhi ile mke wangu aliamka hawezi kusema sentensi mpaka mwisho. Msumari alitubeba kwenye mkokoteni wake wa mbao. Tukaandikishwa. Tukakaa. Alilaza kichwa begani kwangu, na kule dirishani sauti inaita watu. Anaitwa huyu, anakwenda. Anaitwa yule, anakwenda. Mke wangu amefumba macho, anaisikia sauti yake mwenyewe ikiwaita watu wengine.

Nilikwenda dirishani. Shemeji hakuinua macho kutoka kwenye kalamu yake. "Wamebaki wachache, shemeji," alisema. "Kaa naye."

Nikakaa naye. Alipokuja kumwita, kwa sauti ile ile, hapakuwa na mtu wa kuitika.

Baada ya mazishi shemeji alikuja kunishika mkono. Nilimwambia mbele za watu, "Uliwaita wote." Nikampa kisogo. Tangu hapo nikala viapo viwili: hospitali ile sikanyagi tena, na yule mtu hapiti mlango wangu.

Watu wa msiba walipoondoka na vyombo vyao ndipo nilipowakumbuka bata bukini. Nilikuta wamejipanga kwenye mlango wa chumba cha kulala, wanatazama kitanda. Nikawawekea majani. Hawakula. Nikawabeba mpaka kwenye ukoka. Walisimama nilipowaweka, kisha mmoja akaanza kurudi na wengine nyuma yake, mpaka mlangoni tena. Nikawafungia kwenye chumba cha wageni. Walisukuma wavu kwa vifua mpaka nikawafungulia mwenyewe. Majani niliyowakatia wakala kuku. Mwenyekiti aligundua kwamba hawarudishi mapigo, akawa anawafukuza uani kwao, wale watoto waliokuwa wakubwa kumzidi, na wao wanapisha tu.

Nilimkuta mmoja amekufa juu ya makandambili ya mke wangu. Mwepesi, kama sponji iliyokauka. Nilimzika kando ya mtaro. Nilipokuwa nafukia nikaona wazi kwamba hivi ninavyokwenda nitawazika wote, na wakiisha hao, hakuna tena kitu hai duniani kilichomjua yule mwanamke zaidi ya kuku anavyomjua mtu. Niko mimi, sawa. Lakini mimi ni mzee, na watoto hatukujaliwa.

Nikaanza vituko. Nilichukua kitambaa chake cha kichwa, nikajifunga. Nikavaa na gauni lake la kazi, lile la maua, likaniishia magotini. Nikachuchumaa mbele yao. Wakainua vichwa, wakaja hatua chache, roho yangu ikawa juu. Kisha nikaita, kwa sauti nyembamba kadiri nilivyoweza, wageni wangu, mko wapi. Walisimama palepale. Walinitazama kama makarani wanavyomtazama mtu asiye na stakabadhi, wakageuka kurudi mlangoni.

Kichwa cha Msumari kilikuwa juu ya ukuta.

"Jirani, umependeza," alisema. "Posa imetoka kwa nani?"

"Kwa baba yako."

Akacheka, kisha akaniona uso, akaacha. Alizunguka akaingia uani, akachuchumaa nami, kitambaa bado kichwani kwangu na hakuna aliyekitaja tena. Nilimweleza. Aliwaza, akauliza kama sauti ya marehemu ipo mahali, labda kwenye simu ya mtu. Nikamwambia nani hurekodi mkewe akimwita kula.

Haikupita siku nyingi, mtu akapiga hodi langoni.

Nilikuwa nimeshika ndoo ya maji ya kuku. Nimwambie msomaji kilichotokea, aamini asiamini. Wale bata waliokuwa wamelala kizingitini, shingo zimelazwa sakafuni, walisimama wote kwa pamoja. Wakapiga filimbi, wakatimua mbio kuelekea langoni, mabawa yao yasiyo na manyoya yamefunguliwa. Na mimi mguu wangu mmoja ulikuwa umeshatangulia kabla kichwa hakijakumbuka.

Kisha kikakumbuka. Nikafika langoni, sikufungua.

"Hakuna mtu," nilisema.

"Nakusikia, shemeji."

"Basi umesikia. Hakuna mtu."

Akasema ameleta shali ya dada, ile iliyobaki hospitali, ameifua. Akaitundika kwenye lango, nikasikia viatu vyake vinaondoka. Bata walibaki hapo. Walisimama wakielekea mtaani mpaka jua likaanza kushuka, na huku wanangoja, nikamwona mmoja anadonoa majani yaliyoota chini ya lango. Akala. Na mwenzake akala.

Kesho yake hakuna aliyepiga hodi, wakarudi kulala kizingitini.

Msumari, ambaye masikio yake hayana ukuta, alishaelewa yote. "Kamwite," alisema.

"Nitakufa kwanza."

"Wewe hufi. Wanaokufa ni hao."

Nilimfukuza. Nikakaa. Mmoja wa wale bata, mwenye doa jeusi mdomoni, alikuwa amelaza shingo yake sakafuni kama kamba iliyoachwa, na nzi ametua kwenye jicho lake, halipepesi. Nilimfukuza yule nzi kwa mkono. Akaruka, akarudi. Nilivaa shati.

Karatasi ya mganga mkuu ilikuwa bado iko dirishani, safari hii wameitia ndani ya nailoni isichakae. Sikwenda mbele. Nilikaa mwisho wa benchi, benchi lile lile, nikasogea kila aliyeitwa alipoondoka. Nilikuwa nimedhani nitainamisha kichwa tu. Lakini masikio hayana kope. Alikuwa anaita watu, jina kwa jina, na kila akiita najikuta nimekaza mikono kwenye magoti nisisimame. Mama mmoja pembeni yangu aliniuliza kama naumwa sana. Nikamwambia si sana.

Nikafika dirishani.

Shemeji alikuwa amekonda. Aliniona, akashika kalamu kwa mikono miwili.

"Unaumwa nini, shemeji?"

"Siumwi."

"Sasa niandike nini?"

"Bata hawali," nilisema.

Nyuma yangu mtu akaguna kwamba huu si wakati wa mchezo, watu wana wagonjwa. Nikamgeukia nikamwambia nami nilikuwa naye. Kisha nikamweleza shemeji, nikiangalia ile nailoni, kwamba wale wageni wa dada yake wanakufa kwa kukosa sauti, mmoja ameshakwenda, na siku ile alipopiga hodi walikula. Sikusema tafadhali. Halikutoka.

Alitazama foleni iliyokuwa nyuma yangu, akaitazama karatasi. "Nikitoka kazini," alisema.

Alifika jua likiwa bado lipo, na sare yake. Nilifungua lango nikasogea pembeni, akapita kama mtu anayepita kwenye chumba chenye mgonjwa. Hakuwa ameongea bado, na bata hawakujua. Aliwaona pale kizingitini, akaweka mkono mdomoni.

"Alikuwa akiwaitaje?" aliniuliza kwa kunong'ona.

Nilifungua kinywa. Ni maneno machache tu, hata mtoto anayakariri. Nilikuwa nimeyasema mwenyewe nikiwa nimevaa gauni, bila aibu. Lakini kumfundisha yeye, ayachukue, yatoke kwake kwa sauti ile, sikutaka. Nikaangalia chini, nikayasema kwenye vidole vya miguu yangu. Wageni wangu, mko wapi. Wageni, mko wapi.

Alijaribu, sauti ikamkatikia njiani. Vichwa vikainuka, vyote isipokuwa cha yule mwenye doa. Akajikaza, akaita tena, na safari hii iliingia uani kama ilivyokuwa ikiingia siku zote, ikapita jikoni, ikapita kwenye kamba ya nguo. Hata Kishungi aliinua shingo. Bata wakamvamia. Alikaa kwenye kigoda, kigoda cha dada yake, mgongo ukutani pale pale, nao wakampanda miguuni, wakavuta vifungo vya sare, wakala majani kutoka mkononi mwake. Mwenye doa alimchukua mapajani, akawa anamwekea jani mdomoni na kumwambia meza, meza. Baadaye nikaona koo lake linatembea.

Sikuweza kukaa pale. Nilikwenda nyuma ya ukuta wa jiko, nikachukua koleo, nikawa nakaza waya uliokwisha kukazwa.

Na huko upande wa pili akaanza kuongea nao. Polepole, jinsi mtu anavyoongea na kitu kisichojibu. Aliwaambia wamekonda kama yeye. Aliwaambia kazini hali si nzuri. Kisha akawaambia habari za siku ile. Kwamba aliingia ndani kwa mganga mkuu mara mbili. Mara ya kwanza hakutazamwa. Mara ya pili alisema, mzee, yule kwenye benchi ni dada yangu, hapumui vizuri, na mganga mkuu akamwuliza kama anajua kusoma. Akamwonyesha mlango. Wiki iliyotangulia mwenzake alikuwa amefukuzwa kwa kumpitisha mama yake mzazi. Akarudi dirishani, akaendelea kuita, na alikuwa akiita harakaharaka ili waishe, wafike kwake.

"Nilikuwa nawahi," aliwaambia bata. "Nilikuwa nawahi kufika kwake."

Hakuniambia mimi. Nilikuwa nimesimama na koleo, waya umeingia kwenye kidole na sikuusikia. Nilimwaza yule mwanaume mwenye mlango wa nyuma wenye kivuli, anayeandika karatasi ya kuwagombanisha watu wa tumbo moja, kisha anaifunika kwa nailoni isipate vumbi. Hajui hata kwamba tulikuwepo. Kinyongo nilichokuwa nimekipanga upande mmoja wa ukuta sikujua tena nikiweke wapi. Kumsamehe mtu nako kunahitaji nguvu, na siku ile sikuwa nazo.

Alikuja tena kesho yake, na siku zilizofuata, kila akitoka kazini. Hatukuongea. Nilikuwa namwachia lango wazi na majani kwenye beseni, nakwenda zangu nyuma ya ukuta. Mwenye doa alipona. Wakaota manyoya, wakaanza kumrudishia Mwenyekiti, na siku moja walimkimbiza mpaka juu ya paa la choo, akakaa huko mchana kutwa akihutubia peke yake. Msumari alisema sasa umefanyika uchaguzi.

Lakini ndani ya chumba cha wageni walikuwa bado hawalali. Walilala mlangoni kwangu. Basi jioni moja shemeji akawaita kuelekea bandani, akitembea kinyumenyume mbele yao, akiita, nami nasikiliza nyuma ya ukuta. Sauti ilipita jikoni. Ikapita kwenye kamba. Nilikuwa nimefumba macho. Ukifumba macho upande ule wa ukuta, hakuna aliyekufa. Kuna mwanamke anawaingiza bata wake, na akimaliza atakuja kuniambia ninawe mikono.

Nikasikia mlango wa wavu unafungwa na komeo linaangushwa.

"Wameingia wote, shemeji," alisema.

"Nimesikia."

Viatu vyake vikaanza kuelekea langoni.

"Waite tena," nikasema.

Vikasimama. Nikadhani ataniambia nimerukwa na akili, na angekuwa na haki. Kisha akaita. Wageni wangu, mko wapi? Wageni, mko wapi?

Bata wakaitika kutoka ndani, wakaanza kuusukuma mlango kwa vifua ili watoke. Sikwenda kuwafungulia. Nilikuwa nasikiliza.